Barabara Nyeupe Pale Bangwe

Bangwe, Kigoma
3 Machi 2025

Mwanangu Scola,

Sisi huku wazima. Mama yako mzima, mwanao Yunisi mzima, jino la mbele limeng'oka na anacheka ovyo ili kila mtu aone pengo.

Utashangaa barua wakati simu ipo. Mimi na wewe tukishika simu tunaishia kugombana na mmoja anakata. Mara ya mwisho uliyekata ni wewe, sijasahau. Kwenye karatasi nitasema mpaka nimalize.

Jambo ni gari. Kioo cha mbele kilipasuka mwezi uliopita, jiwe la lori. Nikalipeleka gari Ujiji kwa Haruna, yule kijana fundi vioo wa Kasingirima. Akatafuta kioo, akakibandika, kikapendeza. Loo! Tangu siku hiyo gari limepata kichaa. Naendesha zangu taratibu, nyuma nimepakia watoto saba wa chekechea nawapeleka shule Mwanga, barabara nyeupe pee, ghafla linapiga kelele piii, taa nyekundu, na breki zinajikamata zenyewe! Watoto wanagongana vichwa. Natazama mbele, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Limenifanyia hivyo mara tatu sasa.

Wewe uko kwenye karakana ya vioo vya magari huko Dar, na gari hili ulinichagulia wewe, ukanisifia kwamba lina kamera inayoona hatari na kufunga breki. Haya, niambie huyo Haruna kaharibu nini ili nikamkamate vizuri. Nimeshamwambia mbele ya wateja wake kwamba yeye si fundi, ni mbandika karatasi.

Scola, nimeendesha malori ya Tabora na Nyakanazi nikiwa na nywele nyeusi mpaka zikawa nyeupe. Waliponistaafisha nilidhani nimekwisha. Hawa watoto ndio wanaoniamsha asubuhi. Wazazi wao wakisikia gari lina kichaa watawatoa. Sikai, natembea uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mama yako kachoka kuniambia nikae. Jibu upesi.

Baba yako,
Feliksi


Dar es Salaam
9 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Barua yako ameniletea kondakta wa basi mpaka mlangoni, anasema ulimtisha. Haya bwana, tuandikiane.

Kwanza mwache Haruna wa watu. Kubandika kioo amebandika, kilichobaki si kosa lake. Ile kamera imekaa juu, nyuma ya kioo kidogo cha ndani cha kutazamia nyuma, na inatazama njia kupitia kioo cha mbele. Ukibadilisha kioo, hata kikikaa vizuri kabisa, kamera inaweza kuhama kidogo mno, jicho la mtu lisione. Lakini kule mbele ya barabara, hicho kidogo kinakuwa kikubwa. Mti wa pembeni inaudhani uko katikati ya njia. Kwa hiyo kila tunapobadilisha kioo hapa, lazima tuiseti kamera upya kwa mashine na bango maalumu. Mashine hiyo Kigoma sijasikia nani anayo.

Kwa sasa ZIMA. Chini ya usukani, upande wa kushoto, kuna kitufe chenye picha ya gari. Kibonyeze mpaka taa ya njano iwake. Gari litakuwa kama gari lolote la zamani, na wewe umeendesha bila kamera maisha yako yote.

Halafu Baba, jiwe gani hilo? Haruna alinitumia picha ya kioo kabla hajakitoa. Kimepasuka juu kabisa, pembeni kushoto, kama kilichochomwa na kitu kirefu. Jiwe haligongi hivyo.

Yunisi naomba apande bajaji kwa sasa. Nimemwacha kwenu kwa sababu nawaamini, lakini breki zinazojifunga zenyewe naziogopa.

Mwanao,
Scola


Bangwe
16 Machi 2025

Scola,

Nimezima. Ego, ndiyo, shwari kabisa! Wiki nzima hakuna kelele, hakuna breki, watoto wanaimba mpaka shuleni. Unaona? Mgonjwa alikuwa kamera, na mimi nilishasema. Juzi tu kwenye kona ya Katonga nilikanyaga jiwe, tairi la kushoto likaruka kidogo, basi, nikaendelea na safari.

Kuhusu jiwe la kioo, jiwe ni jiwe. Wewe ulikuwepo?

Yunisi hapandi bajaji. Anakaa mbele na babu yake na anafurahi. Nilikulea wewe na mdomo wako huo ukafika hapo ulipo, sembuse huyu.

Lakini kumezuka jingine. Mwalimu Winfrida wa chekechea aliinama dirishani kunisalimia, akaiona ile taa ya njano. Kasema gari lenye taa ya hitilafu haliwezi kupakia watoto wake, kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikamweleza kwamba taa hiyo maana yake kamera imezimwa. Akauliza, imezimwa kwa nini? Kaniuliza hivyo mbele ya wazazi, Scola, mimi! Niliwasha gari nikaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo hiyo mashine itafutie njia ije. Ukisema haiwezekani, nitalileta gari Dar mwenyewe, na ninaanza safari Jumatatu ya tarehe 24.

Feliksi


Dar es Salaam
20 Machi 2025

Baba shikamoo,

Usithubutu kuondoka na gari hilo kuja Dar. Nimezungumza na bosi wangu, Bonaventura. Tuna mashine ya zamani tusiyoitumia sana, kakubali tuiazime. Nimeitia kwenye boksi pamoja na bango, inakuja na basi. Nimemwandikia Haruna ndiye akaipokee, si wewe. Wewe utaifungua kwa bisibisi.

Inatakiwa sakafu iliyolala sawasawa, yenye nafasi mbele ya gari, isiyo na jua la kuwaka upande mmoja. Matairi yajazwe upepo sawa, na gari litolewe mizigo yote, pamoja na madebe yako ya mawese. Haruna akiwa tayari atanipigia, nitamwelekeza hatua kwa hatua.

Nakuomba, ukifika pale kwake umsalimie kama mtu. Ulichomwambia mbele ya wateja kimenifikia hata kwa njia nyingine, na si maneno mazuri.

Scola


Ujiji, Kasingirima
27 Machi 2025

Da Scola, habari za kazi,

Narudisha mashine kwa basi, barua hii nimeiweka humo humo ndani ya boksi. Mengine tulishaongea kwenye simu, lakini pale Mzee alikuwa amenisimamia kichwani, sikuweza kusema yote.

Kwanza nicheke kidogo. Sakafu iliyolala sawa Kigoma ni kazi, mji wote umeinamia ziwani. Nikawaza sakafu za zege za kuanikia dagaa kule Katonga, pana, safi, nikajiona nina akili. Tumepanga kila kitu, bango limesimama, nikamwaga maji nihakikishe. Maji yakakimbia yote kuelekea ziwani! Kumbe sakafu za dagaa zinajengwa zimeinama makusudi ili maji yatoke, na mimi mtoto wa Ujiji nimekulia juu yake, nikasahau. Mzee alinitukana mpaka wanawake wa dagaa wakanionea huruma. Mwishowe tulipata ukumbi wa parokia. Padri mwenyewe alisaidia kuhamisha mabenchi.

Sasa la msingi. Wallahi Da Scola, kamera imekaa sawa. Uliona mwenyewe picha ya mashine, imekubali. Tena ilikuwa imehama kidogo sana, hata kabla sijaiseti. Tukatoka nje kujaribu. Hamdani, kijana anayenisaidia kazi, aliweka maboksi matupu njiani, nikaendesha mimi polepole, gari likalia na kusimama. Akayatoa, nikapita, likanyamaza. Nikarudia maboksi yakiwa kulia, kisha kushoto. Linaona vizuri kuliko mimi.

Nakuandikia haya kwa sababu tangu Mzee aniite mbandika karatasi, wateja wanapita mbele yangu wanaelekea Mwanga kwa mwingine. Mke wangu Yusra ananiuliza kila jioni leo wangapi. Sitaki kugombana na mtu wa umri wa baba yangu. Nakuomba tu, siku akiridhika, aje aseme pale pale aliposemea.

Haruna


Bangwe
4 Aprili 2025

Scola,

Limesimama tena!

Sasa sikiliza vizuri, maana nataka umwambie na huyo bosi wako. Jana saa nne hivi asubuhi, watoto nimeshawashusha, niko peke yangu, narudi nyumbani. Nimekata kona ya Katonga, nashuka polepole. Barabara nyeupe, hakuna hata kuku. Piii! Breki! Kifua kikapiga mkanda. Nikatazama mbele, hakuna. Nikatazama kulia, hakuna. Nikakaa pale namtukana Haruna kwa sauti, dirisha wazi, kisha nikaondoka zangu.

Hiyo ndiyo kamera iliyosetiwa? Hiyo ndiyo mashine ya Dar? Kijana kaharibu kioo, kaharibu na dawa yake. Jioni nimemweleza mama yako, na yeye kakaa tu anachambua maharage. Hata yeye sasa kachoka na kelele za gari hili.

Wiki ijayo nakwenda kijiwe cha madereva Ujiji kuwatangazia wote wasimpelekee Haruna gari hata la kuosha. Na kitufe nakizima tena, Winfrida apende asipende.

Feliksi


Katonga, kwa Fatu
5 Aprili 2025

Mwanangu Scola,

Ni mimi mama yako. Nimeandikia hapa kwa Fatu muuza dagaa, maana simu ya nyumbani baba yako anaiweka sauti ya juu na nyumba nzima inasikia. Barua hii anaileta kijana wa Fatu anayepanda basi leo, ifike kabla baba yako hajakwenda Ujiji kumvunjia Haruna kazi.

Mwanangu, aliyekuwa mbele ya gari ni mimi.

Nilitoka kununua unga, nimevaa kile kitenge chekundu ulichonitumia Krismasi, kapu kichwani. Goti linauma, navuka taratibu. Nikaliona gari letu linakata kona, nikafurahi, nikasema leo nimepata lifti. Nikasimama nikampungia mkono. Likaja, likaja, Scola, halipunguzi. Nikataka kukimbia, goti likagoma. Ndipo likapiga ile kelele likasimama. Niliweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. Nilikuwa pale kwenye kona ya kushoto ya gari, namwona baba yako usoni. Akatazama mbele, akatazama kule kwingine, akamtukana Haruna. Mimi nikasema, Baba Scola! Hakusikia, alikuwa anapiga kelele. Nikasogea pembeni, akanipita.

Jioni nikamuuliza, leo hukuniona njiani? Akasema, ulikuwa wapi? Ndipo nikakaa na maharage yangu, nikayachambua mpaka yakaisha, nikayachanganya nikaanza upya.

Nimekuficha mengi na leo nayatoa. Kioo hakikupigwa na jiwe. Kulikuwa na lori la mbao limeegeshwa kushoto, mbao zimetokeza nyuma, akaziingilia wazi wazi mchana. Akaniambia usimwambie Scola. Wiki ile mliyoizima kamera, kwenye kona hii hii alilikanyaga beseni la Fatu la dagaa. Fatu alikuwa ameinuka kwenda kutafuta chenji, ndiyo salama yake. Nikamlipa kwa maharage, nikamwomba asiseme. Baba yako anadhani ni jiwe.

Na Yunisi ana mchezo. Akikaa mbele anataja kila kitu cha upande wake. Bibi na ndoo, Babu. Baiskeli, Babu. Baba yako anasema mtoto ana akili. Nikamuuliza Yunisi nani kakufundisha, akasema hakuna, ila nisipotaja Babu hageuzi usukani.

Nilinyamaza kwa sababu nakumbuka alivyokuwa baada ya malori. Alikaa miezi anautazama ukuta. Niliogopa nikimnyang'anya na gari hili nitakuwa nimemzika. Lakini juzi ningezikwa mimi. Nikimwambia mwenyewe atasema nimeungana na wewe. Sijui nifanye nini, mwanangu. Nimemficha funguo ndani ya gunia la unga, anazitafuta tangu asubuhi.

Mama yako,
Honorata


Dar es Salaam
7 Aprili 2025

Baba yangu, shikamoo,

Barua hii nimempa dereva wa basi mwenyewe na nimemwomba asiondoke hapo mpaka uisome. Kaa kwanza. Najua umesimama.

Kamera ni nzima. Haruna ameiseti vizuri kuliko ambavyo ningeiseti mimi. Naamini kila iliposimama palikuwa na mtu. Siku ile kona ya Katonga palikuwa na Mama. Alikupungia mkono. Alishika boneti ya gari ukiwa umekaa ndani yake, na hukumwona.

Usimgombeze. Amekaa na jambo hili peke yake muda mrefu, anakulinda wewe na anailinda heshima yako, na karibu limuue. Lile jiwe ulilolikanyaga lilikuwa beseni la Fatu, naye alikuwa ameondoka pale punde tu. Na aliyekwambia uzime kamera ni mimi. Nakumbuka kila saa kwamba nilikuandikia neno ZIMA kwa herufi kubwa. Wateja wanaingia, naenda chooni nalia, narudi.

Baba, naona macho yako yanakuacha upande wa kushoto na hujui. Inawezekana usijue kabisa, nimeuliza. Mtu haoni giza, anaona barabara nyeupe. Usiniamini mimi, jaribu. Gari liwe limezimwa, ukae kwenye usukani, utazame mbele bila kugeuza shingo, Haruna atembee akitokea kushoto. Useme ukimwona.

Kisha nenda kliniki ya macho kabla hujafanya jambo lingine lolote. Na watoto wa watu, Baba, na Yunisi wangu, wasipande tena gari unaloendesha wewe. Hilo sikuombi, nakuambia. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, niko mbali, nitavumilia.

Nakupenda sana.
Scola


Bangwe
19 Aprili 2025

Mwanangu Scola,

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliisoma nikaichana. Baadaye nikaviokota vipande nikaviunganisha mezani, mama yako akinitazama. Nilikuwa nakwenda mpaka getini narudi, nakwenda narudi, nikitafuta mahali ambapo ulikuwa unadanganya. Sikupaona.

Nikaenda Ujiji kwa miguu na bajaji. Nilimkuta Haruna amekaa hana kazi. Nikamwambia, kijana, njoo Bangwe unitembelee mbele ya gari. Hakuniuliza kwa nini. Nilikaa kwenye usukani nikatazama mbele kama ulivyosema. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka nikaona ananipuuza, nikasema kwa ukali, haya anza basi! Sauti ikatoka karibu na taa ya kushoto, ikasema, Mzee, nipo hapa.

Scola, nililia pale ndani ya gari na mtoto wa watu ananitazama. Aliingia akakaa kiti cha pembeni mpaka nilipomaliza.

Daktari wa macho kasema ni presha ya macho. Imekula pembeni pole pole, kushoto zaidi, macho yote mawili. Kanipa dawa ya matone ili kilichobaki kisiondoke. Nikamuuliza, na kilichoondoka? Maana kamera ya gari ilihama, ikawekewa bango, ikaona upya. Akasema jicho haliwi hivyo, Mzee, kilichokwenda kimekwenda. Nilimpa mkono nikatoka.

Watoto anawapeleka Leodgar, dereva mwangalifu, nilimkagua mwenyewe. Gari ni lile lile na kamera inawaka. Yunisi anakaa nyuma na wenzake, na Mwalimu Winfrida hana la kusema.

Ijumaa baada ya swala nilisimama kijiweni Ujiji, madereva wakiwa wengi, na Haruna yupo. Nikasema, nilimwita huyu mbandika karatasi, na nilikuwa nasema uongo bila kujua. Kioo alibandika vizuri, kamera aliiseti vizuri, kipofu nilikuwa mimi. Waliocheka walicheka. Haruna alinishika mkono akanivusha barabara, na sikuutoa.

Fatu nilikwenda kumpa pole. Alinijibu, Mzee, dagaa wanavuliwa wengine, akanifanya nicheke wakati sitaki.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Asubuhi naamka saa ile ile ya watoto, navaa, halafu nakumbuka. Nasikia honi ya Leodgar inapita, miguu inataka kukimbia. Ndipo mama yako anachukua kapu, anasema twende sokoni. Hajawahi kunihitaji sokoni hata siku moja, na wote wawili tunajua.

Kuhusu yeye, sijui niliandike vipi hili. Nilimuuliza, ulipoweka mkono kwenye boneti, ulikuwa unawaza nini? Akasema, nilikuwa nawaza kwamba leo umechukia sana, nikupikie nini. Niliinuka nikatoka nje.

Tukitembea siku hizi anakaa kushoto kwangu. Simwoni, lakini bega lake linanigusa.

Baba yako,
Feliksi